Kudarizi maua kwa riboni, anza na maua ya hapa hapa kwetu

Kudarizi kwa riboni kunaenda haraka kuliko kwa uzi, maana riboni yenyewe ndo petali, ukichoma mara moja tu petali zima limeshakaa. Kwaiyo upana wa riboni unaamua ukubwa wa ua: milimita 4 kwa maua madogo na majani, milimita 7 kwa maua ya kawaida, 13 kwa yale makubwa. Hariri ndo inajikunja vizuri zaidi ila bei yake sio mchezo, anza na satini laini ya dukani, ila shika kwanza, ikiwa ngumu iache itakusumbua.

Sindano iwe na ncha kali na tundu refu, iwe nene kiasi, kwasababu inatakiwa itoboe njia ya kutosha riboni ipite bila kusuguliwa. Kata riboni fupi, sentimita 30 mpaka 40 basi, ikiwa ndefu inachakaa kabla hujamaliza ua. Mwisho wake ukate mshazari, pitisha kwenye tundu, alafu itoboe kwa ncha ya sindano kama milimita 5 toka mwisho na uvute ule upande mrefu mpaka ijifunge pale kwenye tundu, haichomoki tena. Huku nyuma ya kitambaa usipige fundo, linavimba mbele. Acha kimkia kidogo ukishike kwa mshono unaofuata.

Mshono wa kujifunza kwanza ni huu: toa sindano juu, laza riboni bapa kwenye kitambaa, alafu pale unapotaka petali liishie choma katikati ya riboni yenyewe, ushuke chini taratibu. Kingo zitajikunja zenyewe na kutengeneza ncha. Hapo acha! Ukivuta zaidi petali linageuka kamba, na hapa ndo wengi wanaharibu, mkono umezoea kukaza kama wa uzi. Riboni inataka ilegee.

Waridi nalo ni rahisi kushinda linavyoonekana. Shona miale 5 kwa uzi wa kawaida kutoka kituo kimoja, lazima iwe witiri, toa riboni katikati alafu zungusha juu ya mwale mmoja chini ya unaofuata, huku unaisokota kidogo, mpaka miale isionekane.

Sasa mawazo ya nini udarizi. Mi nashauri usikimbilie picha za mtandaoni, zimejaa mawaridi yale yale, toka nje uangalie. Bogenvilia kwa mfano, ile rangi yake tunayoipenda ni vijani vitatu tu, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, kwaiyo riboni tatu za milimita 7 na kifundo cheupe umemaliza. Mkrismasi ukichanua Desemba okota ua moja ulihesabu, petali 4 nyekundu na la 5 lina weupe na madoa, weka hilo moja tofauti uone ua linavyopata uhai. Vikonyo vya asumini ni riboni ya milimita 4 iliyosokotwa, mshono mmoja mmoja. Na rangi chukua kwenye kanga, kuna watu walishakaa wakapanga rangi za pindo na mji (ile sehemu ya katikati) zikaelewana, we tafuta riboni za rangi hizo hizo tu.

Panga maua kwa penseli kabla, makubwa matatu kwanza, majani yajaze mwisho. Ukidarizi dera weka kifuani au kwenye mikono, usiweke unapokalia maana yatalala. Riboni nyekundu loweka kipande kwenye maji kwanza uone kama inatoa rangi. Kufua ni kwa mkono maji baridi bila kusugua, na pasi piga kwa nyuma, maua yakiwa yamelalia taulo nene.