Sato wa bwawani hana kosa, uliza kwanza kalishwa nini

Simama Feri, soko la samaki la Dar, pale kwenye meza za sato dakika kumi tu utasikia mteja anauliza "huyu wa Mwanza au wa kufuga?", akiambiwa wa kufuga anaachia samaki anaondoka, na mimi hili linaniuma kweli maana wafugaji wetu wa Goba, Kigamboni na Mbagala wanahangaika sana na tofauti yenyewe sio ile watu wanayodhani.

Protini hawapishani, gramu 100 za nyama mbichi ya sato zina kama gramu 20, awe wa ziwani awe wa bwawani. Wanapopishana ni kwenye mafuta. Wa ziwani anajitafutia mwani na vijidudu vya majini, na omega-3, yale mafuta mazuri kwa moyo, inaanzia huko huko kwenye mwani. Wa kwako wa bwawani ukimshindilia pumba za mahindi na mashudu ya alizeti peke yake atanenepa ndio, ila omega-6, mafuta ya aina nyingine yanayotoka kwenye nafaka na mbegu, inazidi ile omega-3. Mpasue mmoja umwangalie, ukikuta mafuta meupe yamezonga utumbo wote ujue umezidisha chakula cha wanga.

Kwa hiyo kwanza maji yawe ya kijani. Samadi ya kuku iliyokauka tia kwenye kiroba, funga, zamisha pembeni ya bwawa, mwani utaota na sato atakula kutwa bila wewe kutoa hela. Kupima ni rahisi, zamisha mkono umenyooka, kiganja kikianza kupotea maji yakiwa kwenye kiwiko hapo safi, kikipotea mapema zaidi toa kiroba haraka maana usiku hewa inaisha majini alfajiri unawakuta wote wako juu wanatweta. Kwenye pumba changanya unga wa dagaa au soya iliyokaangwa, soya mbichi hapana. Na pumba zenye ukungu jamani usiwape, zina sumukuvu.

(Mwenye watoto wadogo dagaa asiwaache lakini, yule analiwa na mifupa yake, kalsiamu yote iko pale, minofu ya sato haina kitu hicho.)

Ile harufu ya tope inayowakimbiza wateja inatibika, siku kadhaa kabla ya kuuza hamishia samaki kwenye tenki la maji safi, usiwape chakula kabisa, badilisha maji kila siku, kaanga mmoja uonje, kama bado ananuka subiri tena kidogo ndo uwapeleke sokoni.