Namna ya Kuzungumza na Mfilipino Kuhusu Kwao

Ukipata jirani au mfanyakazi mwenzako Mfilipino hapa Kisumu, na ukatamani kujua anavyojiona kama mtu wa taifa lake, usianze na bendera wala wimbo wa taifa. Anza na swali ambalo sisi wenyewe huulizana kila siku: kwenu ni wapi? Wao huulizana "Taga-saan ka?", na jibu huwa mkoa au kisiwa kabla ya nchi, kwa kuwa nchi yenyewe ina visiwa 7,641 na lugha zaidi ya 100. Neno lao "bayan" hubeba mji wa mtu, watu wake na nchi nzima kwa pamoja, kama "kwetu" inavyokuwa Siaya mtu akiwa Kisumu, kisha ikawa Kenya akiwa Doha.

Jihadhari na majina. Tulikuwa ufuoni Dunga na mgeni mmoja, mhandisi kutoka kisiwa cha Cebu, tukingoja samaki akaangwe, nami nikamwambia kwamba kwa jina lake la ukoo, bila shaka babu yake alikuwa Mhispania. Aliweka chupa ya soda mezani, akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwa upole kwamba mwaka 1849, enzi za utawala wa Hispania, gavana Narciso Clavería aliamuru watu wapewe majina ya ukoo kutoka katika orodha ya serikali ya kikoloni, ili kodi na kumbukumbu za watu zisimamiwe kwa urahisi. Jina la Santos au Garcia, basi, halithibitishi damu ya Kihispania, kama vile Otieno aliyebatizwa George asivyokuwa na asili ya Uingereza. Hata jina la nchi lilitokana na mfalme Philip II wa Hispania, na hapo mwanzo aliyeitwa Mfilipino alikuwa Mhispania aliyezaliwa visiwani, ilhali mwenyeji aliitwa "indio". Ni kizazi cha José Rizal, mwandishi na mtetezi wa wenyeji aliyepigwa risasi na Wahispania huko Manila tarehe 30 Desemba 1896, kilicholitwaa jina hilo na kulifanya la wenyeji.

Usimpongeze kwa uhuru tarehe 4 Julai. Emilio Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi dhidi ya Hispania, alitangaza uhuru katika mji wa Kawit tarehe 12 Juni 1898, lakini mwezi Desemba mwaka huohuo Hispania iliikabidhi Marekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20, vita kati ya Wafilipino na Wamarekani vikazuka mwaka uliofuata, na Marekani haikuutambua uhuru wao hadi tarehe 4 Julai 1946. Mwaka 1962 rais Diosdado Macapagal alirudisha sherehe kwenye tarehe 12 Juni, siku waliyojitangazia uhuru wenyewe, si ile waliyopewa. Sisi tunaotofautisha Madaraka na Jamhuri hatuhitaji kufafanuliwa zaidi uzito wa tarehe.

Suala la lugha ndilo linalotupotosha Wakenya zaidi, maana tunalipima kwa kipimo cha Kiswahili. Kwa Mjaluo, Mluhya au Mkalenjin, Kiswahili hakimpi jirani yake nafasi ya kutamba, kwa kuwa si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Kifilipino, ambacho katiba ya mwaka 1987 inakitaja kuwa lugha ya taifa, kimejengwa juu ya Kitagalogi, lugha ya kuzaliwa ya watu wa Manila na mikoa ya jirani, ambao ni mamilioni. Msemaji wa Kicebuano anaweza kuipenda nchi yake kwa moyo wote na bado akaudhika kuambiwa kwamba lugha yake ni lahaja tu. Muulize kwanza nyumbani wanazungumza nini. Hata neno la heshima "po", ambalo wageni hufundishwa mapema, ni la Kitagalogi, na Kicebuano hakina utaratibu huo.

Wengi wao ni Wakatoliki, lakini usidhani ni wote. Kusini, Mindanao na Sulu, kulikuwa na masultani Waislamu waliopambana na Wahispania kwa karne kadhaa, na baadhi ya wazao wao hujiita Wamoro kabla ya kujiita Wafilipino. Eneo lao la Bangsamoro lilipata mamlaka mapya ya ndani mwaka 2019. Mwache mwenyewe achague jina.

Akiwa ni mfanyakazi aliyeacha watoto nyumbani, usikimbilie kumsifu kuwa shujaa. Rais Corazon Aquino aliwaita wafanyakazi hao mashujaa wapya mwaka 1988, na sifa hiyo huwafariji wengine, huku wengine wakiiona kuwa malipo hafifu ya kutengana na wanao. Nyumba nyingi huku kwetu zina mama aliyeko Ghuba. Uliza kwa upole ambao ungemwonyesha mtoto wa nyumba hizo.

Ukimkaribisha nyumbani, pika wali na omena. Siku ile Dunga, mgeni wangu alipoona omena zimeanikwa juu ya nyavu, aliinama, akaokota moja, akainusa, akasema kwao samaki mkavu huitwa "bulad" na mama yake huanika vivyo hivyo. Kuanzia hapo alizungumza juu ya nchi yake mpaka jua likazama, nami sikuuliza swali jingine.