Boti ya faiba inavuja: mambo ya kuzingatia kabla ya kusi

Jahazi la mbao likivuja kidogo, mbao huvimba na upenyo ukajifunga. Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya majimaji iitwayo resini, haivimbi. Tundu lililoachwa wakati wa upepo wa kaskazi litavuja zaidi wakati wa upepo wa kusi, mawimbi yakianza kupiga. Kwa hapa Lamu, kazi hii imalizwe Februari au Machi, masika hayajaingia, maana resini haishiki penye unyevu.

Boti ingali majini, fua ngama (maji yaliyokusanyika chini ndani ya boti), ikaushe kwa tambara, uiache usiku mzima. Asubuhi onja tone moja: maji ya chumvi yametoka baharini, yasiyo na chumvi ni ya mvua na yameingilia juu, kwenye sitaha au ukingoni. Kumbuka kwamba maji hutambaa chini ya sakafu hadi penye bonde, kwa hiyo dimbwi la tezini (nyuma) huenda limeanzia omo (mbele).

Ipandishe ufukweni siku moja au mbili baada ya kilele cha bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo). Maji yatazidi kupungua kuelekea maji mafu (siku maji yanapopanda kidogo tu), upate siku kumi hivi za kazi, kisha bamvua linalofuata liieleshe. Iegemeze vizuri, utie ndani maji matamu yenye kina cha sentimita 10 tu. Lita 200 ni kilo 200, na boti isiyoshikiliwa sawasawa hupasuka. Kwa nje paka unga wa chaki, uangalie panapolowa. Anza na kizibo cha tezi, bolti za mashine, na mkuku (uti wa chini wa boti), hasa kama boti huburutwa mchangani.

Ubao wa tezi unaobeba mashine ndio wa kuogopewa. Ugonge kwa mpini wa nyundo: mlio mzito, uliokufa, ni dalili ya mbao iliyooza ndani ya faiba. Toboa kitundu cha milimita 5 kwa upande wa ndani; unga ukitoka mweusi na umelowa, kuziba nje ni kuufungia uozo ndani. Mbao hiyo itolewe.

Bolti zinazovuja zing'olewe, matundu yasafishwe, kisha gundi ya poliyurethani ipakwe. Kaza kwa mkono tu, subiri siku moja, ndipo umalizie kwa spana. Ukikaza mara moja gundi yote hukamuliwa nje. Silikoni usiiweke kabisa. Huacha utando ambao resini wala rangi haiushiki.

Ufa uoshwe kwa maji matamu, ukaushwe, ufutwe kwa asetoni. Usage kingo kwa mteremko wa mara 12 ya unene: faiba ya milimita 6 inataka sentimita 7 kila upande. Kata mati (mkeka wa nyuzi za kioo) ya gramu 450 kwa mita ya mraba, vipande sita hivi kwa unene huo, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Resini iwe na uzito mara mbili hadi mbili na nusu ya mati. Kwa joto letu, mililita 10 za hadina (dawa ya kugandisha resini) kwa kilo ya resini zinatosha. Ukizidisha, itaganda koponi. Kama kichapuzi (dawa ya kuharakisha kuganda) kimeuzwa kando, kikorogwe kwanza ndani ya resini. Kikikutana na hadina moja kwa moja, hulipuka. Vaa miwani, kwani hadina hupofusha. Ikiingia jichoni, osha kwa maji dakika 15 bila kusita, kisha nenda hospitali.

Tabaka la mwisho hubaki linanata kwa sababu ya hewa. Lifunike kwa nailoni hadi likauke, upige msasa, upake jelikoti (tabaka gumu la rangi la nje ya faiba), na urudie jaribio la maji kabla bamvua halijafika.