Fundisha mkwaju wa kuanzia bila kumvunja mtoto wa watu

Vijana wakikuomba uwafundishe mpira wa Marekani, kitu cha kwanza watakachotaka ni mkwaju wa kuanzia. Wameuona kwenye simu: mmoja anaupiga mpira juu, wenzake kumi wanatimua mbio, upande wa pili mmoja anadaka na kurudi nao kwa kasi, halafu wanakutana katikati. Unavutia kweli. Mei 21, 2011 nilikuwa jukwaani kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa Arusha, siku Chuo Kikuu cha Drake cha Marekani kilipoifunga timu ya nyota wa CONADEIP, ligi ya vyuo vya Mexico, 17-7, na kila mkwaju wa kuanzia ulipopigwa sisi tuliokuwa upande wetu tulisimama. Leo nafundisha vijana wa sekondari kila Jumamosi kwenye uwanja wa vumbi huku Njiro, na mkwaju huo ndio kitu cha mwisho ninachowafundisha. Mwalimu mwenzangu wa Arusha au Moshi unayetaka kuanzisha timu, naomba unisikilize kwa hili kabla hujanunua hata mpira.

Kwenye mchezo wa kawaida, timu mbili zinaanza zikiwa zimekaribiana, pua kwa pua. Wanasukumana, wanaangushana, lakini hakuna aliyepata nafasi ya kushika kasi. Kwenye mkwaju wa kuanzia wa zamani, mtu alikimbia yadi 40 (kama mita 37) au zaidi kabla ya kukutana na mwenzake anayekuja kwa kasi hiyo hiyo, kama bodaboda mbili zinazokuja uso kwa uso kwenye njia moja. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano inapanda mara nne. Mwili wa kijana wa miaka kumi na sita haujajengwa kwa hesabu hiyo.

Na anayeumia si lazima awe yule aliyedaka mpira. Septemba 9, 2007, Kevin Everett wa timu ya Buffalo Bills alikimbia kumwangusha mdakaji wa timu ya Denver kwenye mkwaju wa kuanzia, akaumia uti wa mgongo shingoni. Baadaye aliweza kutembea tena. Oktoba 16, 2010, Eric LeGrand wa Chuo Kikuu cha Rutgers alifanya vivyo hivyo dhidi ya Army, timu ya chuo cha jeshi, akapooza kuanzia shingoni kushuka chini. Wote wawili walikuwa wanaogonga. Waambie hilo vijana wako mapema, maana kila kijana anaamini kwamba anayegonga ndiye aliye salama.

Marekani wamehangaika na mkwaju huu miaka mingi. Mwaka 2011 ligi kuu yao, NFL, ilisogeza mahali pa kupigia kutoka yadi ya 30 hadi ya 35, ukihesabu kutoka goli la mpigaji, ili mipira mingi ipitilize na isirudishwe. Mwaka 2016 vyuo vinane vya ligi ya Ivy League vilisogeza kwao kutoka 35 hadi 40, na mitikisiko ya ubongo kwenye mikwaju hiyo ikashuka kutoka takriban 11 katika kila mikwaju 1,000 hadi takriban 2. Halafu mwaka 2024 NFL ikabadilisha mpangilio wote: wachezaji kumi wa upande wa mpigaji wanasimama mbele kabisa, kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, na wapinzani wao wamejipanga hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna kati ya hao anayeruhusiwa kuondoka mpaka mpira umguse mdakaji au uguse ardhi kwenye eneo la kudakia, karibu na goli. Kugongana kumebaki. Kilichokatwa ni mbio za kabla ya kugongana. Hilo ndilo la kuiga, hata kama huna helmeti hata moja.

Sasa tuingie uwanjani.

Kama vijana wako wako chini ya miaka kumi na minne hivi, usiwafundishe mkwaju wa kuanzia kabisa. Huwanyimi kitu. Pop Warner, shirika kubwa la mpira huu kwa watoto huko Marekani, liliufuta mwaka 2016 kwa madaraja yake matatu ya watoto wadogo zaidi. Mpira wa vibendera, ule wa kuvuta kitambaa kiunoni badala ya kumwangusha mtu, ambao utachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, hauna mkwaju wowote: timu inaweka mpira kwenye yadi yake ya 5 na kuanza. Fanya hivyo hivyo. Weka mpira chini, piga filimbi, cheza. Na hao wakubwa pia waanze na vibendera. Sijaona sababu ya kijana kuangushwa kwenye uwanja wetu mgumu kabla hajajua kukimbia na kukwepa.

Kabla ya mkwaju wowote, kague uwanja kwa miguu. Januari na Februari udongo wetu unakauka unakuwa zege, na mawe madogo yanachomoza. Wapange vijana mstari mmoja, bega kwa bega, watembee kutoka goli hadi goli wakiokota kila jiwe, kila kizibo cha soda. Masika yakiingia tatizo linageuka: mdakaji anateleza huku macho yako juu. Siku ya tope sipigishi mikwaju. Halafu jua. Mazoezi ya saa kumi jioni yana jua la magharibi, na mdakaji anayetazama juu kuelekea jua hauoni mpira wala mtu. Mimi nawapanga wadakaji waelekee Meru, yaani kaskazini, jua libaki ubavuni. Hata mlima ukiwa umejifunika mawingu, vijana wanajua ulipo.

Hatua ya kwanza ni kudaka, peke yake, bila mtu wa kumkimbilia. Hapa usiharakishe. Mpira huu una ncha mbili na unashuka ukijizungusha, kwa hiyo mtoto aliyezoea kudaka kama golikipa ataunyooshea vidole, na vidole vitateguka. Mfundishe aende chini ya mpira kwanza kwa hatua fupi fupi, asimame kabla mpira haujafika, viwiko vikaribiane mbele ya tumbo, viganja vitazame juu, na mpira uingie kifuani halafu mikono iufunge. Miguu isimame, kifua kipokee, mikono ifunge. Mrushie kwa mkono kwanza, uende juu kidogo kidogo, ndipo uanze kumpigia kwa mguu.

Wadakaji wawili wasiwekwe karibu bila makubaliano. Watu wawili wanaotazama juu wanagongana vichwa bila hata adui kuwepo. Mmoja anapaza sauti "Wangu!" na mwingine anahama mara moja na kugeuka kuangalia wanaokuja.

Hatua ya pili ni kuomba amani, ndivyo vijana wangu wanavyoiita. Mpira ukiwa bado hewani, mdakaji ananyoosha mkono mmoja juu ya kichwa na kuupunga huku na huku. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kumgusa, na yeye haruhusiwi kukimbia na mpira akishadaka. Kwenye sheria za Marekani anayemvamia mdakaji aliyeomba amani anaigharimu timu yake yadi 15. Kwangu anakaa nje ya mikwaju yote ya siku hiyo, hata kama ni nahodha. Mkono uwe umenyooka kweli. Kijana anayeuinua nusunusu kwa aibu hataonekana na mtu anayekuja mbio. Mwezi wa kwanza, kila mdako kwetu ni wa amani. Wanalalamika, lakini wanazoea.

Hatua ya tatu ndiyo ya wakimbiaji, na hapa ndipo unaiga ule mpango wa 2024. Weka koni mistari miwili yenye umbali wa hatua kama saba kati yake. Wazuiaji, yaani wanaomlinda mdakaji, mstari mmoja; wakimbiaji, wanaomfuata mdakaji, mwingine. Mpigaji anapiga kutoka nyuma. Hakuna mguu unaonyanyuka mpaka mpira udakwe au uguse chini, na hapo ndipo unapuliza filimbi. Umbali wa hatua saba haumpi mtu nafasi ya kuwa risasi.

Bado fundisha breki. Mkimbiaji akimbilie koni, na hatua tatu za mwisho ziwe fupi, nyonga zishuke, mikono iwe mbele, asimame kifua kikiwa mbele ya koni bila kuiangusha. Nina msimamo mkali hapa: asiyeweza kusimama mbele ya koni haruhusiwi kumkimbilia mtu. Kuna vijana wazuri sana wa mbio ambao wamekaa na koni kwa wiki kadhaa, na nimeona sawa.

Kichwa. Ukisahau yote niliyoandika, hili shika. Shingo ina mpindo wake wa asili unaoisaidia kupokea mshtuko. Mtu akiinamisha kichwa, kama nyuzi 30 tu, pingili zinanyooka, na akigonga kwa utosi nguvu yote inashuka moja kwa moja kwenye pingili na uti wa mgongo. Mwaka 1976 shule na vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kugonga kwa kichwa kwa makusudi, na idadi ya wachezaji waliopooza ikashuka sana. Uwanjani mimi sitoi somo refu, nasema "Nione macho yako!" kila mara mkimbiaji anapofika kwa mdakaji. Nikiona utosi badala ya macho, napuliza filimbi na tunarudia polepole. Kichwa kikae pembeni, bega na mikono vifanye kazi.

Wazuiaji nao wana makosa yao. Wasishikane na kutengeneza ukuta wa watu watatu mbele ya mdakaji. NFL iliukataza mwaka 2009, na mwaka 2018 ikakataza hata wa wawili. Na mtu anayekimbia kurudi kwenye goli lake asimgonge mpinzani ambaye hajamwona akija. Hilo lilikatazwa mwaka 2019. Mwambie asimame njiani tu. Inatosha.

Ule mkwaju mwingine, ambapo mpigaji anaachia mpira kutoka mkononi na kuupiga hewani, una hatari zake. Mpigaji ana mguu mmoja juu na mwingine umebeba mwili wote. Akigongwa kwenye ule wa chini, goti linaondoka. Mazoezini hakuna anayemsogelea. Na yule anayemrushia mpira kwa nyuma, kati ya miguu, ameinamisha kichwa na hamwoni mtu. Asiguswe mpaka ainue uso.

Kuhusu helmeti: ukiiona kwenye mitumba, iwe Memorial pale Moshi au kwingine, angalia mwaka ulioandikwa ndani na ubonyeze sponji zake. Kule kwao helmeti ikipita miaka 10 haikarabatiwi tena. Hata mpya kabisa inalinda fuvu. Ubongo unatikisika ndani vilevile.

Sasa kuumia, maana hata ukifanya yote, siku itakuja. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauji na kuzirai. Kijana anachelewa kuinuka, anapepesuka, anashika kichwa, anakutazama bila kukuona, anauliza swali lile lile mara mbili. Muulize: tuko uwanja gani? Nani amefunga mwisho? Jumamosi iliyopita tulicheza na nani? Akikosea, atoke. Akijibu sawa lakini bado ana dalili, atoke pia. Atakwambia, "Niko fiti, mwalimu." Mjibu kwa upole, "Najua unataka kucheza, mwanangu, ila leo umemaliza," na usibadilishe neno hata kama zimebaki dakika mbili. Asiachwe aende nyumbani peke yake. Mpigie mzazi mwenyewe, umweleze kwamba asimpe aspirini wala diklofenaki ya duka la dawa kabla hajaonwa na daktari. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akiona vitu viwili viwili, akipata degedege, akisinzia kupita kawaida au mkono ukifa ganzi, hospitali saa hiyo hiyo.

Shingo ikiuma baada ya kugongana, asinyanyuliwe. Kwetu mtu akianguka watu wanamkimbilia, mmoja anamshika kwapani, mwingine anamwagia maji. Mteue kijana mmoja mkubwa ambaye kazi yake ni kuzuia umati huo. Wewe piga magoti nyuma ya kichwa chake, viwiko vyako vitulie, shika kichwa pande zote mbili kama kilivyo, bila kukivuta. Mwambie asitikise kichwa kujibu, ajibu kwa mdomo. Kama ana helmeti, usiivue. Asipopumua, hapo kuokoa pumzi kunatangulia mambo yote. Bodaboda hapana, bajaji hapana. Namba ya gari la wagonjwa iwe kwenye simu yako kabla ya mazoezi, na njia ya kufika hospitali ya Mount Meru, au ya KCMC kwa walioko Moshi, uwe umeipita na kujua wapi foleni inakaba. Gari la wagonjwa lisipopatikana kabisa, ni ubao mpana na gari ambalo viti vya nyuma vimelazwa, huku mtu mmoja hajaachia kichwa mpaka mlangoni.

Aliyepata mtikisiko apumzike siku moja hadi mbili, atembee taratibu, simu aipunguze. Arudi darasani kwanza. Akishindwa kusoma ubaoni bila kichwa kuuma, uwanja bado si wake. Halafu mbio nyepesi, halafu kukimbia na kukwepa, halafu kudaka bila kuguswa, kila hatua siku yake nzima au zaidi, na dalili zikirudi anashuka hatua moja. Mazoezi ya kuguswa yasubiri karatasi ya daktari. Akishaileta, Jumamosi hiyo mpange kwenye kudaka, mikwaju yote iwe ya amani, na mpira wa kwanza mrushie wewe kwa mkono.