Namna ya Kusoma Fumbo la Bronzino: Mikono Kwanza, Majina Baadaye

Picha ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, na mwanawe Cupid, aliyoichora Agnolo Bronzino mjini Florence karibu mwaka 1545 ina watu saba, vinyago viwili, njiwa, na hakuna hata neno moja lililoandikwa ndani yake. Watazamaji wengi huishia njiani kwa sababu wanaanza kuuliza "huyu ni nani?" kabla hawajaona anafanya nini. Majina ya wahusika hawa yamebishaniwa na wataalamu kwa miongo mingi. Matendo yao, kinyume chake, yako wazi, na ukiyafuata kwa mpangilio utaelewa sehemu kubwa ya picha hata kabla ya kufungua kitabu.

Jambo la pili la kushika tangu mwanzo ni kwamba ashiki na ishara hapa hazikutenganishwa. Usidhani kuna miili mizuri ya kufurahisha macho, kisha mafunzo yamepachikwa pembeni kama dawa baada ya chakula. Uzuri wenyewe ndio mtego, na anayewekewa mtego huo ni wewe unayetazama.

Tafuta nakala inayofaa

Picha halisi iko National Gallery, London, iliyoinunua mwaka 1860. Ni rangi ya mafuta juu ya ubao, kimo chake sentimita 146 na upana 116 hivi. Kwenye simu unabaki na picha iliyopungua kupita kiasi: mwiba katika mguu wa mtoto hauonekani kabisa, na mkia wa msichana aliye nyuma yake unaonekana kama kivuli tu. Tumia kompyuta na nakala inayokuzwa kwenye tovuti ya jumba hilo, au chapisha kwa ukubwa wa A3, ambao ni takriban robo ya picha halisi kwa kila upande. Kisha chukua futi ya kupimia, weka alama ukutani za sentimita 146 kwa 116, usimame mbele yake hatua mbili. Miili ile inakaribia ukubwa wa mtu, nayo imejazana ndani ya nafasi hiyo ndogo. Msongamano huo haukutokea kwa bahati mbaya, na hakuna nakala ndogo itakayokufanya uuhisi.

Jihadhari na nakala za zamani. Katika karne ya 19 picha hii ilisitiriwa: ncha ya ulimi wa Venus na chuchu yake zilifunikwa kwa rangi, kitambaa kikaongezwa nyongani, na tawi la mihadasi likarefushwa ili kumficha Cupid. Nyongeza hizo ziliondolewa wakati picha iliposafishwa mwaka 1958. Kwa hiyo kitabu kilichochapishwa kabla ya hapo kinakuonyesha picha nyingine, na maelezo yaliyoandikwa kwa kuitegemea huwa ya upole kuliko yanavyostahili.

Funika katikati

Chukua karatasi, uikate kiasi cha kuwafunika Venus na Cupid peke yao. Tazama kinachobaki kwa dakika tano. Ni duara la vurugu. Juu kulia kuna mzee mwenye mabawa na saa ya mchanga begani, mkono wake wenye misuli umenyooka ukishika pazia la buluu. Juu kushoto kuna kichwa cha mwanamke, mdomo wazi. Chini yake mtu anapiga ukelele huku akizing'oa nywele zake. Kulia mtoto anacheka, na nyuma yake kuna uso wa msichana mtulivu mno.

Sasa geuza zoezi: funika pembe zote, uache katikati. Mabusu, ngozi nyeupe, mto laini, kimya. Hakuna hata mmoja wa wale wawili anayeonekana kusikia ukelele ule. Huo ndio muundo wa picha, na umeupata kwa karatasi mbili bila kumjua mhusika yeyote.

Fuata mikono

Hapa usiwe na haraka. Chora mistari mepesi kwenye nakala yako, kila mkono tangu bega hadi kidole cha mwisho, na uandike unashika nini.

Venus kwanza. Mkono mmoja una tufaha la dhahabu, lile alilopewa na Paris, mwana wa mfalme wa Troya katika hadithi za kale, aliposhinda shindano la uzuri dhidi ya miungu wa kike Juno na Minerva. Mkono mwingine umeinuliwa na kushika mshale. Mshale ni wa Cupid, na podo ni lake. Maana yake ni kwamba Venus amemnyang'anya mwanawe silaha wakati wa busu. Sasa fuata mkono wa Cupid ulioko nyuma ya kichwa cha mama yake, penye taji la vito. Wengi husoma kwamba yeye naye anajaribu kulivua. Ikiwa ni hivyo, kila mmoja anamwibia mwenzake huku akimbembeleza. Ukumbuke pia kwamba hawa ni mama na mwana. Kutojisikia vizuri unapoliona hilo si kosa lako, wala si dalili ya ushamba, picha imelitaka.

Mtoto anayecheka anarusha mawaridi kwa mikono yote miwili. Shuka hadi miguuni: mmoja umefungwa njuga, mwingine umekanyaga mwiba na umechomwa. Hajahisi. Waridi liko mkononi, mwiba wake uko mguuni, na kati ya hivyo viwili kuna mtu anayecheka.

Kisha msichana. Hapa ndipo Bronzino alipotia ufundi wake wote wa hila. Uso ni mzuri. Shuka chini ya shingo: gauni, kisha magamba, kisha makucha ya simba, kisha mkia unaojikunja. Mkono mmoja unatoa sega la asali. Mwingine unaficha mwiba wa sumu ulioko nchani mwa mkia. Sasa fanya hivi: fuata mkono wake wa kulia tangu begani hadi kiganjani, halafu linganisha kidole gumba chake na chako. Kiganja hakiendani na mkono. Mkono wa kulia umepewa kiganja cha kushoto, na wa kushoto umepewa cha kulia. Asali inayotolewa na mkono unaodhaniwa mwema inatoka kwenye kiganja kibaya. Usiseme mchoraji amekosea. Mtu aliyeweza kuchora mwiba kwenye unyayo hakosei vidole gumba viwili kwa wakati mmoja. Waswahili wangemwita huyu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jaribu kukaa kama Venus

Kaa chini, geuza magoti upande mmoja, kifua mbele, kichwa upande mwingine, mkono mmoja juu. Utaona haiwezekani kwa zaidi ya sekunde chache. Wachoraji wa kizazi hicho walipenda mwili unaojipinda kama nyoka, na walijali mpindo kuliko uzito wa mwili. Hilo lina kazi mbili hapa. Linakuonyesha kila upande wa uzuri kwa mara moja, na papo hapo linauondolea mwili joto la mtu aliye hai.

Angalia ngozi kwa karibu. Hakuna alama ya brashi, hakuna kishimo, hakuna jasho. Ni kama kauri. Ilinganishe na Venus wa mchoraji Titian wa mwaka 1538, aliyeko jumba la sanaa la Uffizi, Florence. Yule ana damu chini ya ngozi na chumba cha kuishi nyuma yake. Wa Bronzino hana chumba wala kina. Nyuma ya miili kuna pazia tu, buluu iliyotokana na jiwe la lapis lazuli, rangi ghali kuliko karibu zote za wakati huo. Unaalikwa na kukatazwa kwa pamoja. Kwa maoni yetu ubaridi huu ndio jambo la kiashiki kuliko yote katika picha hii, na anayeona uchi peke yake hajaufikia.

Sasa toa majina, kwa safu tatu

Gawa karatasi safu tatu. Ya kwanza: kinachoonekana. Ya pili: kilichoandikwa au kuchorwa kabla ya 1545 kinachofanana nacho. Ya tatu: dhana. Usiruhusu kitu kivuke safu bila sababu.

Andishi la karibu zaidi ni la Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia. Mwaka 1568 alieleza picha ya Bronzino iliyopelekwa kwa Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa: Venus akiwa uchi, Cupid akimbusu, upande mmoja Raha na Mchezo, upande mwingine Ulaghai, Wivu na mihemko mingine ya mapenzi. Karibu wote wanakubali ni picha hii, na kwa kuwa mfalme alifariki mwaka 1547, ni lazima iwe ilichorwa kabla. Lakini angalia asichokitaja: mzee mwenye saa ya mchanga hayumo kabisa. Vasari ni msaada, si ufunguo wa milango yote.

Mzee ni Wakati. Mabawa na saa vinatosha, andika safu ya kwanza. Sega na mwiba vina nasaba ya kale: shairi la Kigiriki linalohusishwa na Theocritus lasimulia Cupid aliyeumwa na nyuki alipoiba asali, na Lucas Cranach alilichora kisa hicho Ujerumani katika miaka ya 1520. Safu ya pili, bila wasiwasi. Msichana akaitwa Ulaghai.

Kichwa cha juu kushoto ndicho kinachogombanisha watu. Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, mwaka 1939, alimwita Ukweli, akisaidiana na Wakati kufichua uovu uliofunikwa na pazia. Wengine waliomfuata walitazama kisogo chake: hakipo. Kichwa ni kama kinyago, nyuma ni tupu. Elimu ya tiba ya wakati ule iliweka kumbukumbu sehemu ya nyuma ya ubongo, hivyo kichwa kisicho na kisogo hakikumbuki kitu. Huyo ni Usahaulifu, anayetaka kufunika anachofunua Wakati. Sisi tunaufuata usomaji huu kwa sababu unaeleza umbo lililochorwa. Usomaji wa Ukweli unalazimika kulipuuza.

Yule anayepiga ukelele ni Wivu kwa mujibu wa Vasari. Tangu miaka ya 1980 umetolewa usomaji mwingine: kaswende. Ufizi usio na meno, nywele zinazotoka, macho mekundu. Dalili hizo zilijulikana vizuri tangu ugonjwa ulipolipuka Naples mwaka 1495, jeshi la Ufaransa likiwa huko. Waitalia waliuita ugonjwa wa Wafaransa, na mwaka 1530 tabibu Girolamo Fracastoro aliuandikia shairi refu lililoupa jina la syphilis. Kumpelekea mfalme wa Ufaransa picha yenye ugonjwa huo kungekuwa mzaha wenye ncha kali. Unavutia, ila uweke safu ya tatu. Kung'oa nywele ni tendo la kale la uchungu na halihitaji bakteria.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni kumtumia Cesare Ripa kama kamusi. Kitabu chake cha ishara kilitoka mwaka 1593, karibu miaka hamsini baada ya picha. Kinaweza kukuonyesha mazoea yaliyodumu, lakini hakithibitishi alichokusudia Bronzino. Vitabu vya kuanzia ni vya awali, kama mkusanyo wa picha za ishara na mashairi yake wa Andrea Alciato wa mwaka 1531.

La pili ni kuigeuza picha iwe hotuba ya onyo. Kama lengo lilikuwa kukukataza tu, kwa nini Venus akapewa mwanga wote na Wivu akaachwa kivulini? Bronzino alikuwa mshairi pia, aliyetunga tenzi za mapenzi ya adabu na vilevile mashairi ya utani wenye maana mbili. Lipo hata moja juu ya brashi ya mchoraji ambalo halikusudii brashi pekee. Aliitumikia nyumba ya Cosimo wa Kwanza wa Medici, mtawala wa Florence, mahali ambapo kubishania maana kulikuwa burudani ya jioni. Onyo limo, na furaha ya kulivunja imo.

La tatu ni kinyume chake: kuiita ponografia ya zamani na kufunga mjadala. Anayesema hivyo hajaona mwiba.

La nne ni dogo, nalo hutokea sana: kusahau vinyago vilivyo chini kulia, kimoja cha msichana, kingine cha mzee. Wapo njiwa wa Venus chini kushoto, karibu na mguu wa Cupid, na mto anaopigia goti, ambao ni alama ya uvivu na anasa. Viandike hata kama huna la kusema juu yake.

Pa kujipima

Ukimaliza, chukua picha nyingine ya Bronzino ya Venus, Cupid na Wivu, iliyoko Jumba la Sanaa Nzuri la Budapest, uisome kwa safu zilezile. Humo yumo tena mtu anayejishika nywele, na ukimweka kando ya yule wa London utaamua mwenyewe kama dhana ya kaswende inasimama. Baadaye nenda kwa ile ya Galleria Colonna mjini Roma, ambapo Wivu hayupo na nafasi imechukuliwa na satiri, kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu nusu mbuzi. Anza na mikono yake.