Somo: Rangi hii ni ya herufi ipi? Jaribio la umakini kwa manila na maka peni

Simama kituo cha daladala cha Mawasiliano, Dar es Salaam, jioni, watu wakirudi makwao, uangalie daladala zinavyoingia. Rangi ya mstari ubavuni unaiona kabla hujaamua kuitafuta. Kwamba kuna maandishi, nalo unaliona. Lakini magari matano yakibanana, kujua kuwa mstari huu ni wa gari hili lenye jina hili la njia ni kazi nyingine kabisa, na inachukua muda. Muda huo unaweza kuupima nyumbani.

Kwanza chanzo cha tatizo. Ubongo hauipokei picha kama kitu kizima. Eneo liitwalo V4 hujishughulisha sana na rangi, na V5 na mwendo. Sasa kama rangi inachambuliwa huku na umbo kule, nani anasema wekundu ule ni wa herufi ile? Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walitoa jibu ambalo mpaka leo wanafunzi wa saikolojia wanaanza nalo: sifa moja moja, kama rangi au umbo, hunaswa kwa pamoja, eneo zima, bila juhudi. Kuziunganisha kuwa kitu kimoja kunahitaji umakini uelekezwe mahali kitu kilipo, kimoja baada ya kingine. Mahali ndiko kunakoshikanisha sifa.

Hatua ya 1: kadi. Nunua manila nyeupe na maka peni mbili, nyekundu na bluu. Duka lolote la stationari Kariakoo wanazo. Tutakachotafuta kila mara ni T nyekundu.

Kundi A: T nyekundu moja katikati ya T za bluu tupu. Tengeneza kadi tatu: yenye jumla ya herufi 8, ya 16 na ya 32.

Kundi B: T nyekundu ileile moja, ila wenzake ni T za bluu na X nyekundu, karibu nusu kwa nusu. Idadi ni zilezile. Hapa wekundu peke yake haukusaidii, maana X nazo ni nyekundu. Umbo peke yake halikusaidii pia.

Kisha tengeneza kadi nyingine sita zinazofanana na hizo lakini T nyekundu haimo. Wengi hudhani hizi si za lazima. Ni za lazima: bila hizo mtu anajibu "ipo" bila kutafuta. Tawanya herufi ovyo, usizipange kwenye mistari, na ukubwa wake usitofautiane.

Hatua ya 2: kupima. Kadi imelala kifudifudi. Unaifunua na kuwasha saa ya simu papo hapo, mwenzako anasema "ipo" au "haipo", unazima. Changanya kadi, zigeuze juu chini kila raundi asije akakariri mahali. Rudia mara nyingi uchukue wastani, kwa sababu kidole chako nacho kina uzito wake.

Je, simu itaikamata tofauti? Piga hesabu. Kwenye jaribio la 1980, kutafuta kitu cha sifa mbili kuliongeza takriban milisekunde 29 kwa kila herufi iliyoongezwa pale kitu kilipokuwepo, na 67 pale ambapo hakikuwepo. Kutoka herufi 8 hadi 32 umeongeza 24. Hiyo ni kama sekunde 0.7 kwa "ipo" na sekunde 1.6 kwa "haipo". Inakamatika.

Hatua ya 3: grafu. Idadi ya herufi chini, muda pembeni. Mstari wa "ipo" wa kundi A utalala karibu sawa: herufi 8 au 32, T inakurukia. Wa kundi B utapanda. Tazama pia kwamba kwenye kundi B "haipo" inapanda kama mara mbili ya "ipo". Ikiwepo, kwa wastani unaifikia ukiwa umepita nusu ya herufi. Isipokuwepo huna budi kuzimaliza zote.

Hatua ya 4: kosa lenye ushahidi. Hii naipenda kuliko zote. Tumia programu ya kuhariri video. Andika tarakimu mbili nyeusi pembeni na herufi tatu za rangi tofauti katikati, picha ikae sehemu mbili za kumi ya sekunde tu, halafu ije picha ya michoro iliyovurugika. Mwambie mtu azisome tarakimu kwanza, kisha ataje herufi na rangi zake. Mara kwa mara atakutajia, tena kwa uhakika, herufi iliyokuwepo yenye rangi iliyokuwepo, ila rangi hiyo ilikuwa ya jirani yake. Treisman na Hilary Schmidt walilionyesha hili mwaka 1982. Umakini ulikuwa kwenye tarakimu, sifa zikabaki zinaelea, zikashikana vibaya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mdogo wangu anachanganya nyekundu na kijani. Tutumie rangi gani?*
Bluu na njano. Hata kwa nyekundu na bluu, mwombe kwanza akutajie rangi za herufi chache bila haraka. Akisita, badilisha.

*Mkuu, mbona konda anaitambua gari ya njia yake kwa mbali? Yeye hapiti moja moja.*
Umegusa penyewe, mkuu. Mwaka 1989 mtafiti Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha kwamba rangi inaweza kuuongoza umakini: unaziacha bluu zote, unapekua nyekundu tu. Waligundua pia kuwa kitu chenye sifa tatu hutafutwa kwa wepesi kuliko cha sifa mbili, jambo ambalo nadharia ya 1980 haikulitarajia. Konda anachuja kwa rangi ya mstari kwanza, kisha anasoma magari machache yaliyobaki. Kwa hiyo nadharia ile ilirekebishwa, haikutupwa.

*Shikamoo mwalimu. Baba alipata kiharusi, sasa anaona kitu kimoja tu kati ya viwili vilivyo mezani. Inahusiana?*
Marahaba, na pole sana mwanangu. Inaweza kuhusiana. Daktari Rezső Bálint wa Hungaria alieleza hali ya namna hiyo mwaka 1909. Hutokea ubongo unapoumia pande zote mbili, sehemu ya juu kuelekea nyuma. Mgonjwa mmoja aliyechunguzwa na timu ya Treisman, taarifa ikatoka 1995, alichanganya rangi za herufi mbili hata akizitazama kwa sekunde 10. Lakini kiharusi kina sura nyingi, na pengine ni shida ya upande mmoja au ya macho yenyewe. Mweleze daktari wa mishipa ya fahamu hivyohivyo ulivyoniandikia, na mfano wa mezani umpe.

*Nimejaribu na herufi nyeusi tupu. Q kati ya O inaonekana mara moja, O kati ya Q inanitesa. Nimekosea kadi?*
Hujakosea, dada. Q ina kijimkia, nacho ni sifa iliyoongezeka, kwa hiyo kinaruka. O inatambulika kwa kukosa mkia, na kukosekana hakuruki. Inabidi upite kila Q uthibitishe. Chora kadi za 8, 16 na 32 kwa pande zote mbili, utuwekee grafu hapa.