Somo: Jinsi ya kuipa DAO nafsi ya kisheria ili wanachama wasibebe madeni yake

Watu wengi wanaoanzisha DAO, yaani jumuiya inayoweka fedha katika pochi ya pamoja, kupiga kura kwa tokeni (vipande vya kidijitali vinavyompa mwenye navyo haki ya kura) na kuiachia mikataba erevu, yaani programu za kompyuta zinazojitekeleza zenyewe, itekeleze maamuzi, hudhani kwamba kwa kuwa hawajasajili chochote, hakuna wa kushtakiwa. Mwelekeo wa mahakama za Marekani ni kinyume chake: penye biashara ya pamoja isiyosajiliwa, sheria huweza kuona ubia, na katika ubia kila mbia hudaiwa hadi mali yake binafsi.

Machi 2023, katika shauri la Sarcuni dhidi ya bZx DAO, jukwaa la kukopeshana na kufanya biashara ya sarafu za kidijitali, lililotokana na wizi wa sarafu hizo wa Novemba 2021, mahakama ya shirikisho ya California ilikataa kulitupa dai kwamba wenye tokeni za utawala walikuwa wabia. Juni mwaka huohuo Ooki DAO, iliyorithi kazi za bZx, ilihukumiwa bila kufika mahakamani na kutozwa faini ya dola 643,542 katika shauri la CFTC, tume inayosimamia soko la mikataba ya bidhaa za baadaye. Hati ya wito ilikuwa imepelekwa kupitia kisanduku cha gumzo cha tovuti yake na jukwaa lake la majadiliano. Novemba 2024 ikafika zamu ya Lido DAO, inayoendesha huduma ya kuweka rehani sarafu za Ethereum ili kupata malipo, ambapo wawekezaji wakubwa, wakiwamo Paradigm na Andreessen Horowitz, walibakizwa katika shauri kama watu wanaoweza kuwa wabia. Uamuzi wa bZx na ule wa Lido ni wa hatua za awali na si hukumu za mwisho, lakini hakuna mwanasheria makini atakayeupuuza.

Hatua ya kwanza: andikeni dhima zenu kabla ya kuchagua nchi. Orodhesheni nani anashika funguo za pochi, nani anasaini mikataba na watoa huduma, nani analipwa, na ni nani anaweza kupata hasara programu ikivunjwa. Bila orodha hii mtanunua umbo la kisheria lisilolingana na hatari mliyonayo.

Hatua ya pili: amueni kama mtagawana faida. Jibu la swali hili ndilo linalopunguza machaguo kuliko jingine lolote.

Hatua ya tatu: chagueni umbo. Mkigawana faida, jimbo la Wyoming limeruhusu tangu Julai 1, 2021 DAO isajiliwe kama kampuni ya dhima yenye kikomo (LLC), ambayo madeni yake kwa kawaida hayafiki mali binafsi za wanachama. Jina lake lazima lionyeshe kuwa ni DAO, awepo wakala wa usajili ndani ya jimbo, na mkataba erevu unaoiendesha utambulishwe hadharani. Kuna mtego unaosahaulika: sheria hiyo inataja kuvunjika kwa DAO iliyokaa mwaka mzima bila kupitisha pendekezo wala kuchukua hatua yoyote. Visiwa vya Marshall navyo vina sheria yao ya mwaka 2022, inayosajili DAO za faida na zisizo za faida.

Msipogawana faida, Wyoming ina umbo jingine liitwalo DUNA, lililoanza kutumika Julai 1, 2024. Linahitaji wanachama wasiopungua 100 na lengo lisilo la faida; gawio haliruhusiwi, ila malipo ya haki kwa kazi iliyofanywa yanaruhusiwa, na mwanachama hadaiwi kwa sababu tu ya uanachama wake.

Wengine hukimbilia wakfu wa Visiwa vya Cayman, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu kampuni ya wakfu isiyo na wanachama. Wakfu huo husaini mikataba na kumiliki nembo vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba wapiga kura wa tokeni hubaki nje yake, na mdai anaweza kuwaita wao wabia huku wakfu ukiwa pembeni. Kwa maoni yangu, kuutegemea peke yake ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Hatua ya nne: hamisheni kila kitu. Hapa ndipo DAO nyingi hukwama. Cheti cha usajili hakimlindi mtu ikiwa hazina bado iko kwenye pochi ya waanzilishi, ikiwa anwani ya tovuti bado ni ya mtu mmoja, au ikiwa wanaoidhinisha malipo hawajateuliwa rasmi na chombo kipya. Pitisheni azimio la kura linalotaja pochi kwa anwani zake, likabidhi mali kwa chombo hicho na kueleza kwamba watia saini wanatenda kwa niaba yake.

Kodi na sheria za dhamana za uwekezaji (kama hisa) hazifutwi na usajili wowote. Vilevile aliyetenda kosa kwa mkono wake, kwa ulaghai au uzembe, hujibu mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina tokeni chache na sijawahi kupiga kura. Je, nahusika?*
CFTC iliwaelezea wanachama wa Ooki kuwa ni wenye tokeni waliopiga kura, na kamishna mmoja, Summer Mersinger, alipinga kigezo hicho. Katika shauri la bZx hoja ilijengwa juu ya kumiliki tokeni zenye haki ya utawala. Kwa hiyo kunyamaza si kinga ya kutegemea.

*Niko Nairobi. Hukumu ya Marekani itanifikia?*
Marekani haimo katika orodha ya nchi ambazo hukumu zake husajiliwa moja kwa moja Kenya, kwa hiyo mshindi atalazimika kufungua shauri jipya hapo. Lakini usilalie hilo, ndugu: Sheria ya Ubia ya Kenya ya mwaka 2012 nayo hutambua ubia kwa watu wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya faida, na mwenzako wa Nairobi anaweza kukushtaki nyumbani.

*Tuko 30. Tukifungua pochi 100 tutapata DUNA?*
Hapana. Wanaohesabiwa ni watu, si pochi. Tumieni kampuni ya dhima yenye kikomo.

*Mkataba wa ukaguzi wa programu ulisainiwa na mwenyekiti kwa jina lake, kabla ya usajili. Tufanyeje?*
Andikeni mkataba wa kubadilisha mdaiwa, usainiwe na pande tatu: mwenyekiti, chombo kipya na mkaguzi. Mkaguzi asipokubali kumwachilia, mwenyekiti anabaki mdaiwa hata kama DAO ndiyo inayolipa.